Siri ya Mtoto na Haki ya Mzazi

Mama mmoja ametuandikia barua. Jina lake na parokia yake hatuzitaji, kwani hakuandika ili asifiwe wala ili aaibishwe, bali apate shauri. Tulimwomba ruhusa ya kuyaeleza hapa yaliyomo, naye amekubali, kwa kuwa adhani si yeye peke yake aliyepatwa na jambo hili.

Binti yake wa kwanza ana umri wa miaka 17. Alimaliza mtihani wa Kidato cha Nne mwezi wa Novemba, akarudi nyumbani kutoka shule ya bweni alikokaa miaka minne. Kama tujuavyo, mwanafunzi anayefaulu huingia Kidato cha Tano mwezi wa Julai. Kwa hiyo kijana hukaa nyumbani zaidi ya nusu mwaka akingoja. Baba yake alimnunulia simu janja iwe zawadi. Tangu siku hiyo, asema mama, mtoto alikuwapo nyumbani na hakuwapo. Alifua, alipika, aliitika alipoitwa. Lakini macho yake yalikuwa kwingine, na usiku mwanga wa simu ulionekana chini ya mlango hata saa saba.

Usiku mmoja mama aliingia chumbani, akakishika kidole cha binti yake aliyelala fofofo, akakiweka juu ya simu hata ikafunguka. Akaketi sebuleni akasoma mpaka jogoo walipowika. Aliogopa kwamba atakuta mwanamume; hakumkuta. Alikuta mazungumzo marefu ya binti yake na msichana mwenzake wa mkoa mwingine, ambaye hawajaonana hata siku moja. Humo binti alieleza hofu yake ya kufeli. Alieleza uchungu wake juu ya bibi yake, aliyefariki wakati yeye yuko shuleni, akazikwa bila yeye kuitwa. Tena alieleza kwamba nyumbani haulizwi neno ila habari za alama za mtihani na kazi za jikoni. Mama aliirudisha simu mahali pake, akalala asipate usingizi. Sasa auliza maswali mawili: Je, alitenda dhambi? Na je, amwambie mtoto, au anyamaze?

Jambo hili si la nyumba moja. Simu ya iPhone ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2007. WhatsApp ilianza mwaka 2009, na Instagram mwaka 2010. Maana yake ni kwamba kijana wa miaka 17 haukumbuki ulimwengu usiokuwa na vitu hivi, nasi wazazi tuliokua pasipo hivyo twamlea katika nchi tusiyoijua vema. Ndiyo sababu wengi wetu tumesimama kati ya mambo mawili: ama twafumba macho tusione, ama twavamia usiku kama alivyofanya mama huyu.

Wako watakaomjibu upesi: Mtoto hana siri mbele ya mzazi. Aliyemzaa, akamlisha, akamlipia ada na kuinunua simu hiyo kwa jasho lake, ana haki ya kuifungua saa yo yote. Wako na wengine, hasa vijana wenyewe, watakaojibu upesi vile vile: Kila mtu ana faragha yake, siku hizi si za kale, mwacheni mtoto. Majibu haya mawili kila moja lina ukweli ndani yake, wala hakuna hata moja linalotosha. Tuyapime kwa zamu.

Jibu la kwanza latukumbusha Amri ya Nne, na ni vema kukumbushwa. Mzazi ana mamlaka juu ya mwanawe, na mamlaka hiyo haikutoka serikalini wala shuleni, bali kwa Mungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Hata hivyo mamlaka si umilki. Mtu huimiliki mbuzi, akaichinja apendapo. Mtoto amewekwa mikononi mwetu kama dhamana, na mwenye kuwekeshwa dhamana atadaiwa hesabu na Mwenyewe. Mtoto ana roho yake, na ndani ya roho hiyo mna mahali ambapo husimama yeye na Mungu wake. Mahali hapo ndipo panapoitwa dhamiri, na Mtaguso huo huo ulipahesabu kuwa kama patakatifu ndani ya mtu.

Tazameni jinsi Kanisa lenyewe linavyopaheshimu mahali hapo. Mtawa ameweka nadhiri ya utii. Amejitoa mzima kwa mkubwa wake, kupita mtoto ye yote kwa baba yake. Hata hivyo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yamkataza mkubwa wa shirika kumshurutisha mtawa kwa njia yo yote amfunulie dhamiri yake. Gombera wa seminari na mlezi wa wanovisi hawaruhusiwi kuwaungamisha wale wanaokaa nao katika nyumba moja, isipokuwa wenyewe wameomba kwa hiari yao. Kwa nini? Kwa kuwa Kanisa limejifunza, kwa karne nyingi na kwa makosa mengi, kwamba utii waweza kuamriwa, lakini moyo haufunguliwi kwa amri. Basi, ikiwa hata mkubwa wa watawa amewekewa mpaka, je, mzazi hana mpaka?

Tena tunao ushuhuda wa karibu. Wazee wengi waliosoma zamani katika shule za bweni na seminari wakumbuka jinsi barua zao zilivyofunguliwa na kusomwa na wakubwa, zile za kwenda na zile za kuja. Nia ilikuwa njema: kuwalinda vijana. Matunda yalikuwa nini? Vijana walijifunza kuandika barua za namna mbili. Moja ilikuwa ya kusomwa na mkubwa, nayo ilijaa salamu na afya njema. Ya pili ilifichwa katika soksi, ikapelekwa na mpishi au na mchuuzi wa ndizi. Mkubwa alisoma barua nyingi sana, asijue neno. Ndivyo atakavyokuwa mzazi aitegemeaye njia hii. Kijana akijua simu yake yachunguzwa kwa siri, atatafuta njia ya kufuta, atatafuta akaunti ya pili, ataazima simu ya rafiki; na katika mambo hayo kijana amtangulia mzazi siku zote.

Hilo lahusu jibu la kwanza. Sasa jibu la pili: kwamba mtoto ana faragha yake, asiguswe. Neno hilo lingekuwa zuri kama simu ingekuwa chumba tu. Lakini simu ni chumba na barabara kwa pamoja. Binti anapoandikiana na rafiki yake amwaminiye, yuko chumbani, na mtu mwungwana hubisha hodi. Lakini anapofungua mitandao ya picha na video, ambamo watu asiowajua hupita usiku na mchana, wengine wakijiita vijana nao ni watu wazima, wengine wakiuza kamari, wengine uchi wao, hapo hayuko chumbani tena. Yuko njia panda ya miji yote ya dunia, saa saba ya usiku. Mzazi anayemwacha mwanawe huko na kusema kwamba aiheshimu faragha yake, anatoroka kazi yake.

Zaidi ya hayo, barabara hiyo ina mwenyewe. Makampuni yenye mitandao hayamtozi mtoto fedha mlangoni. Hupata fedha kwa kuuza matangazo, na tangazo lina thamani kadiri macho ya watu yanavyokaa juu ya kioo. Kwa hiyo mashine zao huangalia kila mtu ametulia juu ya picha ipi na kwa muda gani, ameipita ipi, amerudia ipi. Kisha humletea nyingine za namna ile ile, moja baada ya moja, pasipo mwisho. Gazeti hili lina ukurasa wa mwisho. Taarifa ya habari ya redio ina dakika yake ya kwisha, na msikilizaji husimama akaenda kulala. Kitu hiki kimetengenezwa makusudi kisiwe na mwisho. Basi, hiyo faragha ya mtoto i wapi? Mfanyabiashara wa ng'ambo ajua kwamba binti alikesha, na ajua alikuwa akitazama nini alipokesha. Mama aliye chumba cha pili ndiye asiyejua. Asemaye kwamba mzazi asikaribie kwa kuwa ni siri ya mtoto, angemwondoa kwanza mfanyabiashara huyo.

Hata serikali zimeanza kuliona jambo hili. Makampuni mengi yenyewe yameandika katika kanuni zao kwamba asiyetimiza miaka 13 asijiandikishe, ingawa kila mzazi ajua jinsi kanuni hiyo inavyovunjwa kwa kutaja mwaka wa uongo. Nchi ya Australia ilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025, ikiyataka makampuni ya mitandao mikubwa yazuie watoto walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti. Hapa kwetu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema wazi kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria njema yasaidia. Lakini sheria haiwezi kuketi mezani na binti na kumwuliza amelalaje.

Wala Kanisa halikungoja leo kufikiri juu ya vyombo hivi. Papa Pio XI aliandika juu ya sinema mwaka 1936. Papa Pio XII aliandika juu ya sinema, redio na televisheni mwaka 1957. Na Mtaguso ulitoa hati yake juu ya vyombo vya upashanaji habari tarehe 4 Desemba 1963. Katika maandiko hayo yote Kanisa halikusema vyombo vichomwe moto. Lilivihesabu kuwa ni matunda ya akili aliyoitoa Mungu, kisha likawakumbusha wazazi wajibu wao wa kuangalia kitu gani chaingia nyumbani. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Redio ilikaa sebuleni. Baba aliisikia, mama aliisikia, watoto waliisikia. Neno likiwa baya, wote walijua, na mtu alisimama akaizima. Simu janja imekigawa kikao hicho. Watu watano wakaa katika chumba kimoja, na kila mmoja yuko katika nchi yake. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya furaha ya upendo katika familia, aliitaja meza hiyo ya chakula ambapo kila mmoja ameinamia simu yake; na katika ujumbe wake wa mwaka 2019 aliwaonya vijana wasije wakawa wapweke wa mitandaoni, waliojitenga na jamii kabisa.

Basi tumefika penye mzizi. Swali kubwa si kwamba mama alisoma nini. Swali ni kwa nini binti alimweleza msichana wa mbali, asiyepata kumwona, yale ambayo mama yake alipaswa kuyasikia.

Zamani katika makabila yetu mengi baba na mama hawakulea peke yao. Yako mambo ambayo mtoto hakuweza kumwambia baba, akamwambia babu. Yako ambayo msichana hakumwambia mama, akamwambia shangazi au bibi. Mjukuu na babu walitaniana, na katika utani huo mambo mazito yalisemwa kwa wepesi, kisha bibi akayapeleka kwa mama kwa hekima yake, bila kumtaja aliyesema. Penye unyago, msichana alikuwa na somo wake, na penye jando mvulana alikuwa na mlezi wake. Hatusemi kwamba zamani yote ilikuwa heri; twajua watoto waliopigwa bila sababu, na wasichana walioozwa bila kuulizwa. Twasema tu kwamba mtoto hakukosa sikio.

Leo familia nyingi zakaa mbali na ukoo. Baba aondoka alfajiri kuwahi basi, arudi watoto wamelala. Mama afunga genge lake saa tatu ya usiku. Mtoto amepelekwa bweni, wengine tangu shule ya msingi. Twalipa ada, twanunua godoro, ndoo na tranka, twadhani tumelea. Arudipo likizo, huwa kama mgeni: twamchinjia kuku, twamwuliza amekuwa wa ngapi darasani, na maneno yamekwisha. Bibi yake akifariki, twasema asisumbuliwe, ana mtihani. Kisha tunashangaa kwamba moyo wake umetafuta pa kupumzikia mahali pengine! Simu haikuivunja nyumba hii. Iliukuta mlango umeachwa wazi, ikaingia.

Nasi wazazi tujitazame. Ni nani aliyemfundisha mtoto kwamba simu yapita mtu? Mara ngapi ametuita, nasi tukaitikia bila kuinua macho? Tena ni nani aliyeanza kuivunja faragha? Tumeweka mitandaoni picha zake akiwa mtoto mchanga hana nguo, tumeweka matokeo yake ya mtihani, wengine wameweka hata machozi yake alipoadhibiwa, ili marafiki wacheke. Hatukumwomba ruhusa. Mzazi ambaye amezitangaza siri za mwanawe kwa watu 300, asishangae mtoto akizificha zilizobaki.

Mtakatifu Luka atusimulia habari ambayo kila mzazi yafaa aisome tena. Yesu alikuwa na umri wa miaka 12, karibu na umri wa kijana wetu anayeingia sekondari. Maria na Yosefu walikwenda mwendo wa siku nzima bila kujua kwamba hayupo, kwa sababu walidhani yuko kati ya jamaa na marafiki. Wazazi watakatifu kupita wote walimpoteza mtoto, tena kwa kosa lile lile letu: kudhani. Je, walifanyaje? Walirudi njia yote waliyokuja. Walitafuta hata siku ya tatu. Walipomwona, mama hakuanza kwa kupiga. Aliuliza, tena alimweleza uchungu walioupata yeye na baba yake. Jibu walilopewa hawakulielewa. Naye Yesu akashuka pamoja nao mpaka Nazareti, akawatii. Na mama yake akayaweka mambo hayo yote moyoni. Yatazameni hayo: kurudi, kutafuta, kuuliza, kuvumilia jibu tusilolielewa, na kuyaweka moyoni. Hakuyapeleka kisimani kuwasimulia majirani.

Sasa tumjibu mama huyu, na wote walio kama yeye. Twaona mambo manne.

Kwanza, mapatano yawe wazi kabla ya simu kutolewa. Mzazi amwambie mtoto: Simu hii nakupa, usiku hulala sebuleni, yako na yangu pia, mitandao hii waruhusiwa, hii bado, na nikiwa na hofu kubwa juu yako, nitaifungua mbele yako. Mtoto wa miaka 12 mzazi amwangalie kwa karibu. Wa miaka 17 aachiwe zaidi, maana kesho atakuwa chuoni wala hatakuwa na mtu wa kumwangalia. Shabaha ya malezi ni kijana ajitawale. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na kutangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa hodari wa kompyuta, akaitumia kueneza habari za miujiza ya Ekaristi; lakini kwa michezo ya video alijiwekea mwenyewe kipimo cha saa moja kwa juma. Kipimo alichojiwekea mwenyewe ndicho kitakachomlinda kijana siku ambayo sisi hatupo.

Pili, kufungua kwa nguvu kuwe na sababu nzito. Ikiwa mzazi ameona dalili kwamba mtoto ataka kujidhuru, au kwamba mtu mzima amwomba picha za aibu, au kwamba atishwa na kudaiwa fedha, basi si haki tu, bali ni wajibu kuifungua, hata kama mtoto atakasirika. Mbele ya moto hakuna kubisha hodi. Na hapo asikae na jambo hilo nyumbani kwa kuogopa aibu. Dawati la Jinsia na Watoto lipo katika vituo vya polisi, na namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo. Lakini udadisi si sababu nzito, wala hofu isiyo na dalili.

Tatu, mwenye kusoma asipite kipimo. Akiisha kuona kwamba hatari aliyoiogopa haipo, afunge. Yaliyobaki si yake.

Nne, ayafiche aliyoyaona. Siri ya mtoto isipelekwe kwa shangazi kwa kicheko, wala isitolewe siku ya ugomvi iwe silaha. Mtoto aliyechomwa mara moja kwa siri yake mwenyewe hasahau.

Kwa kipimo hicho, mama huyu hakukosa kwa kuwa na hofu, wala kwa kutaka kujua kama mwanawe yu salama. Alikosa katika njia, alipokitumia kidole cha mtoto aliyelala. Tena alikosa kwa kuendelea kusoma mpaka alfajiri, ilhali alikwisha kuona kwamba mwanamume aliyemwogopa hayupo. Uzito wa kosa hilo ataupima pamoja na muungamishi wake. Gazeti si kiti cha maungamo.

Na je, amwambie? Twasema: Amwambie. Twajua wengi watapinga. Watasema: Mtoto atakasirika, ataficha zaidi, na heshima ya mzazi itavunjika. Huenda atakasirika kweli, tena kwa haki. Lakini mlitazame jambo hili. Mama huyu sasa ajua kwamba binti yake amlilia bibi yake, wala hawezi kumfariji, kwa kuwa hapaswi kujua. Ajua kwamba aogopa kufeli, wala hawezi kumwambia kwamba hata akifeli atabaki kuwa mwanawe. Ana dawa mkononi, naye hawezi kuitoa, maana ataulizwa aliujuaje ugonjwa. Alichokipata kwa wizi hakimfai kwa upendo, hata akirudishe kwanza. Na akijifanya amebahatisha, akaanza kumwuliza mtoto habari za bibi kama kwa ghafla, binti atatambua. Vijana si wajinga. Ndipo atakapoupoteza kabisa.

Ama juu ya heshima, iko desturi yetu kwamba mkubwa haombi radhi kwa mdogo. Desturi hiyo tuiangalie vema. Kila Dominika, mwanzoni mwa Misa, baba na mama husimama karibu na watoto wao na kukiri mbele ya Mungu na mbele ya wote kwamba wamekosa. Watoto husikia. Heshima ya wazazi haijapungua kwa hayo. Mtoto anayemwona mama yake akikiri kosa nyumbani, atajua kwamba maneno yale ya kanisani yana maana, naye siku atakapokosa hataogopa sana kurudi.

Twamshauri, basi, asimwite sebuleni kama mahakamani. Achague siku, aache kazi, simu zote mbili zibaki nyumbani. Ampeleke kwenye kaburi la bibi, kama njia yaruhusu. Na ikiwa ni mbali, waende pamoja kutoa nia ya Misa kwa ajili ya marehemu. Njiani amweleze wazi alichokifanya, aombe radhi bila kujitetea, kisha amwombe amsimulie habari za bibi. Baada ya hapo anyamaze na kusikiliza. Mtoto akikataa kusema siku hiyo, amwache. Arudi tena siku nyingine, kama Maria na Yosefu walivyorudi njia nzima. Yule rafiki wa mbali naye asimchukie. Alimsikiliza mtoto wetu wakati sisi tulipokuwa hatupo. Amwulize binti habari zake, amjue, na kama yafaa azungumze na wazazi wake.

Neno moja tena, nalo ni kwa parokia zetu. Kila mtoto aliyebatizwa na kuimarishwa anaye msimamizi. Sheria ya Kanisa haikumweka kwa ajili ya picha na keki. Yamtaka amwangalie mtoto huyo aishi imani yake. Kipaimara chetu kwa kawaida huja karibu na umri ule ule ambao mtoto huanza kuwafichia wazazi mambo. Shangazi yuko mbali, bibi amefariki. Je, msimamizi hawezi kuwa sikio lile lililopotea? Wazazi, mnapomchagua, msitafute mwenye gari. Mtafuteni mtu ambaye mtoto ataweza kumpigia hodi usiku. Nanyi mliokwisha kuwa wasimamizi, jiulizeni mara ya mwisho mlisema lini na kijana wenu. Jumuiya Ndogo Ndogo nazo ziulizane habari za vijana waliorudi kutoka bweni, si kwa kuwachambua, bali kwa kuwakaribisha. Maana wengi wao wakaa miezi mingi nyumbani, wala hapana mtu aliyewapa hata kazi ya kusoma somo la Dominika.

Mama mpenzi, hatujui binti yako atakujibu nini. Twakuombea wewe na baba wa nyumba yako, tumwombee na yeye afaulu mtihani wake, na zaidi afaulu kukusamehe. Familia Takatifu ya Nazareti, iliyoonja uchungu wa kumtafuta mtoto, iwaombee wazazi wote wanaotafuta.